Lofoi na maziwa ya Upemba kutoka Lubumbashi: twende mwezi gani, kwa barabara gani?

mwana_katuba

Jambo yenu bandugu. Likelemba yetu (chama cha kuchanga pesa kwa zamu) ya hapa Katuba, Lubumbashi, imekubaliana kwamba zamu ya mwisho ya pesa mwaka huu haigawiwi, tunaitembelea. Tuko watu wazima kumi na wawili na watoto watano. Magari ni jipu mbili na Vitz ya shemeji. Mpango tulionao: tuondoke Lubumbashi katikati ya mwezi wa nane, watoto wakiwa likizo, twende mbuga ya Kundelungu kuona maporomoko ya Lofoi, kisha tupitilize hadi Upemba kwenye maziwa, turudi kwa Likasi. Siku nne, tano zikizidi sana.

Kila ninayemweleza, nusu wanasema inawezekana na nusu wanacheka tu. Waliofika kule naomba waniambie: tarehe, barabara, kibali, na kama Vitz itapanda.

Shofere_wa_Kasenga

Mimi niko upande wa wanaocheka, lakini nitaeleza.

Hizo mbuga mbili kwenye ramani zinaonekana majirani, na kweli ni majirani, kati yao kuna bonde la mto Lufira tu. Lakini barabara haziambatani. Lofoi unaiendea kwa njia ya Kasenga: unatoka mjini upande wa kaskazini-mashariki, unaenda, halafu unaiacha barabara kuu kwa mkono wa kushoto na kuanza kupanda uwanda wa Kundelungu mpaka kituo cha Katwe. Upemba unaiendea kwa Likasi, Bunkeya, unaelekea Mitwaba, na makao yake makuu yako Lusinga, juu kwenye uwanda mwingine. Ukitaka maziwa yenyewe, hayo yako chini upande wa magharibi, Bukama kule, kwenye mto Lualaba. Kwa hiyo safari uliyoipanga ni safari tatu. Siku nne zitaliwa zote na usukani, na watoto watarudi wamejaa vumbi bila kuona kitu.

Vitz ibaki kwa shemeji. Kuna mahali njia imechimbwa na malori ya makaa mpaka katikati pamebaki tuta, gari fupi linalalia tumbo. Hapo hakuna wa kukusukuma.

Chagueni kimoja. Mara ya kwanza, Lofoi.

Kijana_Ruashi

Kaka Shofere amesema vizuri kuhusu njia lakini mwezi wa nane hajaugusa, na ndiyo kosa kubwa zaidi la mpango huu. Mwezi wa nane Lofoi ni uzi. Unatembea njia yote hiyo, unasimama ukingoni, unaona ukuta mkubwa wa mwamba na kamaji kanakopeperushwa na upepo kabla hakajafika chini. Nendeni mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu ndipo maji yanaunguruma, unayasikia kabla hujayaona.

Shofere_wa_Kasenga

> Nendeni mwezi wa tatu

Na watoto watano? Wewe ulienda na pikipiki, sema ukweli. Mwezi wa tatu poto-poto (matope) ya kule inameza jipu mpaka mlangoni. Pikipiki mbili zinabebwa kwa mkono kuvuka kijito, jipu haibebwi.

Mwl_wa_Likasi

Vijana, wote wawili mna haki, ndiyo shida ya Lofoi. Barabara na maji vinataka majira tofauti. Niwaeleze kwa nini, maana ukilielewa hili tarehe inajichagua yenyewe.

Mvua zetu za Katanga zinaanza mwezi wa kumi na moja hivi na kukatika mwezi wa nne. Mto Lofoi unazaliwa juu kwenye uwanda, kwenye majani na mabonde madogo yenye majimaji, kisha unafika ukingo wa magharibi na kuanguka kuelekea bonde la Lufira. Uwanda ule ni kama sifongo: mvua ikikatika, maji hayaishi siku hiyo, yanaendelea kutoka pole pole. Ndiyo maana mwezi wa tano na wa sita mto bado una nguvu ingawa wiki nyingi hakujanyesha. Barabara yenyewe inakauka haraka zaidi kuliko mto. Hapo katikati, barabara imekwisha kushika na mto haujachoka, ndipo mahali penu. Kwangu mimi ni kuanzia mwisho wa mwezi wa tano hadi mwanzo wa mwezi wa saba.

Mwezi wa nane kuna tatizo jingine ambalo Kijana hakulitaja: moto. Nyasi zinachomwa kila mahali, moshi unatanda, na kuanzia hapo mpaka mvua za kwanza mwezi wa kumi au wa kumi na moja, unasimama ukingoni na bonde la Lufira hulioni. Na Lofoi nusu ya uzuri wake ni lile bonde linalofunguka chini yako.

Kwa watoto wa shule ninawaelewa, likizo kubwa inaanza mwanzo wa mwezi wa saba. Basi tumieni sikukuu ya Uhuru, 30 Juni. Shule zinakuwa zimefika mwisho, mitihani ya wengi imekwisha.

MtuWaRukwa

Habari za huko ndugu zetu wa Kongo. Niko Sumbawanga, napita tu kwenye uzi wenu. Naomba kuuliza, hii Lofoi ina urefu gani? Maana sisi huku tuna Kalambo, mpakani na Zambia, na tumekua tukiambiwa Afrika inayoizidi ni ile ya Afrika Kusini tu.

Mwl_wa_Likasi

Karibu sana ndugu wa Rukwa. Kalambo ina zaidi ya mita 220. Victoria, yenye jina kubwa kuliko zote, ina mita 108 tu, ukubwa wake ni upana. Lofoi utaikuta imeandikwa kwa namba mbili, 340 na 384, kutegemea mpimaji amehesabu nini. Chukua ile ndogo: bado inaizidi Kalambo kwa zaidi ya mita mia moja.

MtuWaRukwa

Aisee. Nimekubali. Lakini huku kwetu tumejengewa ngazi, mtu anashuka mpaka chini na kupanda. Ninyi mna mita, sisi tuna ngazi.

Kijana_Ruashi

😂😂 Hapo umetupiga baba. Ngazi hatuna. Kushuka chini ya Lofoi ni kazi ya siku nzima, na mwenyeji mbele yako.

mwana_katuba

Nimefurahi sana, hii sikukuu ya 30 Juni haikuwa kichwani mwangu kabisa. Sasa maswali mapya. Moja: juu pale tunalala wapi? Mbili: kushuka chini, watoto wanaweza? Tatu: kuoga. Kuna kijana kwenye likelemba tayari amenunua kostimu ya kuogelea.

Nesi_Kenya

Nianze na kostimu. Nafanya kazi hapa komini ya Kenya, mtaa wa Lubumbashi, na kila mwaka baada ya likizo naona watu wanaleta mkojo wenye damu, ukiuliza walioga wapi, wanataja ziwa. Kichocho kinaishi kwenye maji yaliyotulia yenye majani, pale konokono wanapokaa: kingo za maziwa, mabwawa, mahali wanapofulia. Maji yanayokimbia kwa nguvu juu ya mwamba hatari yake si hiyo, hatari yake ni kuteleza. Juu ya Lofoi usimwache mtu yeyote aingie mtoni karibu na ukingo, hata maji yakifika kwenye kifundo cha mguu tu. Mwamba una ukungu wa kijani unaoteleza kuliko sabuni. Na hao wa kupiga picha wakirudi nyuma hatua moja, hatua nyingine, wawekeeni mtu wa kuwashika mkono.

Watoto wenu wana umri gani? Chini ya miaka kumi na miwili mimi singewashusha kwenye korongo. Wabaki juu na wakubwa wawili.

Vyandarua msiache nyumbani kwa sababu ya baridi. Bonde liko chini na lina joto, na mtapitia vijiji jioni.

Mama_Kampemba

Bandugu, jambo. Miye niko na neno moja juu ya batoto na baridi. Mwezi wa sita hapa Lubumbashi tu asubuhi tunavaa makoti, na mji wetu uko kwenye mita 1,200 hivi. Kule juu kunapita hapa, kunafika karibu mita 1,700, na upepo hauna kitu cha kuuzuia, ni majani matupu. Usiku inashuka chini ya nyuzi kumi, mara nyingine chini kabisa. Kila mtoto blanketi mbili, kofia, soksi. Hema bila godoro ni bure, baridi inatoka chini.

Chakula: beba unga wa bukari (ugali) wa siku zote, usiseme utanunua njiani. Makayabu (samaki ya chumvi) inakaa vizuri, samaki mubichi itaoza. Sombe (majani ya muhogo) pondea nyumbani uipike kabisa, kule inabaki kupashwa moto tu. Vinkubala (viwavi) vya kukaanga kwa barabara. Munkoyo (kinywaji cha mahindi) kwa watoto, bia kwa wale mutakaokataza mara mbili kushika usukani.

Shofere_wa_Kasenga

Mama ametoa orodha kuliko mimi. Ninaongeza ya gari. Esanse (petroli) au mazutu (dizeli) ya kwenda na kurudi mjaze hapa mjini, na bidoni (dumu) juu yake, kwa sababu ukitoka barabara kuu hakuna pampu, kuna chupa tu za vijijini, na chupa ya kijijini hujui ndani mna nini. Pine (tairi) za akiba mbili kwa kila jipu. Kamba ya kuvutia, sepetu, panga. Rezo (mtandao) ya simu inapotea mapema, wekeaneni neno kabla: nani anatangulia, nani yuko nyuma, na wa nyuma asipoonekana nusu saa wa mbele anasimama. Msiende usiku.

Kulala: msitegemee hoteli. Hema zenu, kituoni Katwe, kwa ruhusa ya walinzi.

Mwl_wa_Likasi

Kuhusu ruhusa. Mbuga zote mbili ziko chini ya ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi, wana ofisi Lubumbashi. Pita pale wiki mbili kabla, uandikishe watu na magari, ulizeni ada ya siku hiyo (inatofautiana kwa raia na mgeni), mlipe pale pale na mpewe risiti. Ukifika na risiti mkononi mazungumzo kwenye kizuizi yanakuwa mafupi. Mwenye droni aulize mapema.

Na mtaomba mlinzi wa kuwaongoza. Si mapambo. Yeye anajua njia imekatika wapi mwaka huu.

Kijana_Ruashi

Swali ambalo kila mtu analikwepa: wanyama je? Tutaona simba?

Mwl_wa_Likasi

Hapana. Usiwaahidi watoto simba. Kundelungu ilipandishwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1970, na ujangili wa miaka ya vita umeimaliza sana. Utaona ndege, labda swala wachache asubuhi na mapema. Ni mbuga ya mandhari. Mwenye kiu ya wanyama aende Upemba. Kule ndiko wamebaki punda milia wa mwisho wa nchi hii nzima, na tembo wachache wa savana. Upemba ni mzee zaidi, umeanzishwa mwaka 1939.

mwana_katuba

Punda milia Kongo? Mimi nimezaliwa hapa na sikujua. Basi Upemba nao siuachi kabisa, tutauwekea mwaka ujao. Maziwa yake yanafikiwaje?

Mluba_wa_Bukama

Uzi mzuri huu, lakini mnaizungumza Upemba kama vile ni Lusinga tu. Mimi ni mtu wa maji. Lusinga ni milima, punda milia, baridi. Sisi tuko chini, kwenye tambarare ya Lualaba, na kule ziwa halifuati ziwa jingine, yanachanganyika: Upemba yenyewe, Kisale, na mengine madogo mengi kati yao, mafunjo yanayoelea, vijiji ambavyo mtoto anajua kupiga kasia kabla ya kujua kusoma. Mvua ikiwa nyingi usiulize ziwa linaishia wapi. Samaki mnaokula Lubumbashi, wengi wao walinivuka mimi hapa kwanza.

Mgeni anakuja Bukama, reli ilifika hapa mwaka 1918 na kutoka hapa mto unabeba boti mpaka Kongolo. Unachukua pirogi (mtumbwi) yenye injini. Jua ni kali, kofia, maji ya kunywa, na kiboko ana haki ya njia kuliko wewe.

Na kitu kimoja ambacho watu wa mji hawakijui: kando ya Kisale, pale Sanga, walichimba makaburi mwaka 1957 na kukuta vyungu vizuri sana na vitu vya shaba, vya watu walioishi hapo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Babu zetu walikuwa wanafua shaba na kuvua samaki hapa hapa kabla mtu yeyote hajaandika neno Katanga. Kwangu hiyo inapita maporomoko, lakini mimi ni mwenyeji, nina upendeleo.

Kijana_Ruashi

Baba Mluba, usalama? Maana tukisema Mitwaba, mama yangu anakataa kabla sijamaliza sentensi.

Mluba_wa_Bukama

Mama yako anakumbuka vizuri. Mitwaba, Manono na Pweto watu waliziita pembetatu ya kifo, haikuwa mchezo wa maneno. Mwaka 2004 wanamgambo wa Mai-Mai walishambulia Lusinga yenyewe, walinzi wakafa pale. Miaka mingine imekuwa tulivu, mingine si tulivu. Habari ya mwaka jana haikusaidii. Unauliza wiki ile ile unayotaka kuondoka, ofisi ya ICCN na watu wanaotoka kule na malori. Wakisita kukujibu, hilo ni jibu.

Mwl_wa_Likasi

Naunga mkono. Kwa mwaka ujao, kama mnaogopa kwenda mpaka Lusinga, kuna nusu ya njia: maporomoko ya Kiubo, kwenye Lufira, njia ile ile ya Likasi na Bunkeya. Si marefu kama Lofoi, ni kama mita 60, lakini ni mapana, mto mzima unaanguka, na hata ukiwa katikati ya kiangazi unabaki na maji kwa sababu Lufira ni mto mkubwa. Kwa hiyo atakayelazimika kusafiri mwezi wa nane, aende Kiubo, aiache Lofoi. Mkipita Bunkeya msipite mbio. Pale ndipo palikuwa ikulu ya M'siri, mfalme wa Wayeke, aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa na mfalme Leopold wa Ubelgiji. Kupita kijiji hicho na vioo vimefungwa si heshima, simameni msalimie wakubwa.

mwana_katuba

Na shemeji wa Vitz? Amenipigia simu, amesoma uzi wote, amekasirika.

Nesi_Kenya

Shemeji aende Kapolowe na wale wasiotaka baridi. Lami karibu njia yote mpaka karibu na Likasi, analipa kizuizini, anachepuka. Ziwa Tshangalele hilo lilitengenezwa na bwawa la Mwadingusha, umeme wa pale ulianza mwaka 1930 kwa ajili ya shaba, na leo ni ndege na wavuvi. Anatoka asubuhi, anakula samaki wa kuchoma mchana, jioni yuko nyumbani. Kuoga asioge. Mamba wapo, na nimeshasema kuhusu konokono.

mwana_katuba

Sawa. Tumekaa jana jioni, tumeamua hivi, mnisahihishe.

Jipu mbili, watu wazima wanane na watoto watatu wakubwa, tunaondoka Lubumbashi tarehe 28 Juni alfajiri, tunalala Katwe usiku mbili, tarehe 30 asubuhi tunaamkia ukingoni, mchana tunaanza kurudi, tukichelewa tunalala njiani kijijini na siyo kuendesha usiku. Wanne tu ndio watakaoshuka korongoni, siku ya 29, na mlinzi. Shemeji na wengine Kapolowe. ICCN nitapita katikati ya mwezi wa sita. Upemba mwaka ujao, tukipata habari nzuri.

Limebaki moja. Watu wanataka kubeba mbuzi mzima wa michopo (nyama choma), tukachome Katwe sikukuu ya Uhuru.

Shofere_wa_Kasenga

Mpango umekaa. Ongeza siku moja ya akiba kwa kila mwenye bosi, aombe ruhusa mpaka tarehe 2. Mbuzi mzima haingii mbugani, mifugo hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa usingependa kumsikia njia yote. Achinjwe Katuba, nyama itiwe chumvi na pilipili, iingie kwenye glasieri (sanduku la baridi) yenye barafu. Makaa mbebe yenu, msikate mti kule, na moto uwashwe pale walinzi watakapowaonyesha tu. Mwezi wa sita majani yameanza kukauka.

Mama_Kampemba

Na ile nyama ya porini ya kando ya barabara musinunue, hata ikinukia namna gani. Ikikutwa kwenye gari yenu pale kizuizini, risiti yenu haitasema kitu.

Kijana_Ruashi

Glasieri itapanda jipu ya nani?

Shofere_wa_Kasenga

Ya mbele. Ya nyuma ndiyo yenye vumbi.

mwana_katuba

Ya mbele ni yangu. Sawa, glasieri nimeipokea. Baba Mwalimu, nikitoka ICCN nitaandika hapa ada waliyonitajia, ili wa mwezi wa saba wasiulize upya.